Nani Kachapa, Kurasa Ngapi: Hesabu ya Printa ya Pamoja

Printa inayotumiwa na ofisi nzima haijui watu. Inapokea kazi, inazichapa kwa zamu, na kihesabio chake cha ndani huongeza namba kila ukurasa unapotoka. Mwisho wa mwezi inabaki namba moja kubwa na maboksi matupu ya rimu. Kumjua aliyechapa, na kumzuia anayezidisha, ni kazi ya seva inayowekwa kati ya kompyuta na printa. Penye mchanganyiko wa Windows, Linux na Mac, seva hiyo kwa miaka mingi imejengwa kwa programu huria mbili. Ya kwanza ni CUPS, iliyotoka mwaka 1999 na kuingizwa na Apple katika mfumo wa Mac mwaka 2002. Ya pili ni Samba, iliyoanza Australia mwaka 1992, ambayo huifanya mashine ya Linux ionekane kwa Windows kama ndugu yake. Mac na Linux hutuma kazi kwa CUPS moja kwa moja kwa itifaki ya IPP. Windows hupitia Samba, nayo Samba huikabidhi CUPS. Foleni inakuwa moja, na daftari moja.

Daftari hilo halina maana ikiwa kuna njia ya panya, na kwa kawaida ipo. Printa ya mtandao husikiliza yenyewe: mlango namba 9100 hupokea data ghafi bila kuuliza chochote, 515 ni wa itifaki kongwe ya LPD, na 631 ni wa IPP. Mwenye laptopu akijaza anwani ya printa badala ya ile ya seva, anachapa atakavyo na haandikwi popote. Tangu AirPrint ilipokuja mwaka 2010, hata anwani haihitajiki, kwa sababu printa hujitangaza na simu zikaiona. Kwa hiyo printa hutengwa kwenye swichi katika mtandao wake wa pembeni, na seva peke yake ndiyo huruhusiwa kuifikia. Uwezo wa printa kujitangaza huzimwa, na badala yake seva hutangaza foleni zake. Printa nyingi za ofisi pia zina sehemu ya kuandika anwani zinazokubaliwa; ni ulinzi dhaifu kuliko swichi, lakini ni bora kuliko kuacha wazi.

Baada ya njia huja utambulisho. CUPS, kwa mpangilio wake wa kawaida, huamini jina linalotajwa na kompyuta iliyotuma kazi. Mtumiaji wa Linux anayejiita kwa jina la mkurugenzi kwenye mashine yake mwenyewe ataandikwa mkurugenzi. Ni lazima seva ielekezwe kudai nywila, au tiketi ya Kerberos ikiwa taasisi inatumia mfumo huo, kabla ya kupokea kazi. Upande wa Windows, Samba huthibitisha mtu kwa akaunti yake ya mtandao, isipokuwa fundi awe amefungua printa kwa wageni ili kupunguza malalamiko. Hapo kazi zote huandikwa chini ya mtumiaji mmoja aitwaye nobody, na hesabu imekufa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kuhesabu kurasa. Kazi inayotoka Mac au Linux kwa kawaida hufika ikiwa PDF au PostScript, na vichujio vya CUPS huisoma vikiibadilisha kuwa lugha ya printa. Vikijua kurasa ni ngapi, faili la page_log huandikwa jina la foleni, mtumiaji, namba ya kazi, tarehe na idadi. Windows ni habari nyingine. Programu yake ya kiendeshi hutayarisha kila kitu huko huko, na Samba huipitisha kazi ikiwa ghafi, bila kichujio chochote kuifungua. Kitabu cha kurasa 200 na barua ya ukurasa mmoja vinaweza kuonekana sawa.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Moja ni kuipa Windows kiendeshi cha PostScript, ili kinachofika kisomeke. Njia hii ni safi, ingawa tangu Agosti 2021, Microsoft ilipoziba udhaifu ulioitwa PrintNightmare, kusakinisha viendeshi kutoka seva hudai haki za msimamizi, na kilichokuwa kikifanyika kwa kubofya mara mbili sasa kinahitaji fundi au maandalizi ya awali. Nyingine ni kuiuliza printa. Kiwango kilichochapishwa mwaka 1995 kinaruhusu kusoma kihesabio chake kwa itifaki ya SNMP: seva husoma namba kabla ya kazi na baada yake, na tofauti ndiyo hesabu. PyKota, programu huria ya mgawo iliyofungamanishwa na CUPS, ilijengwa hivyo, na matoleo ya baadaye ya CUPS yakafanya vivyo hivyo kwa printa za mlango 9100. Faida yake ni haki: karatasi ikikwama katikati, mtu hatozwi kurasa ambazo hazikutoka. Lakini seva ikisoma kabla mashine haijatulia, kurasa za mwisho humwangukia anayefuata. Na kazi moja iliyopita kando huingia kwenye bili ya asiyehusika.

Mgawo, yaani kikomo cha kurasa kwa mtumiaji, hutegemea hesabu hiyo, na CUPS yenyewe inao wa kuanzia: job-page-limit huweka idadi ya kurasa na job-quota-period huweka muda kwa sekunde, 604800 zikiwa wiki moja. Kasoro zake mbili huonekana haraka. Kikomo ni kimoja kwa kila mtu kwenye foleni, mhasibu na mwanafunzi wa mazoezi sawasawa. Tena CUPS hutazama kilichokwisha kuchapwa tu, hivyo aliyebakiwa na ukurasa mmoja anaweza kutuma 300 na zikapita. PyKota huziba yote mawili: kila mtumiaji au kikundi huwa na kikomo laini, kikomo kigumu na muda wa msamaha kati yake, au salio linalokatwa kama la simu; na kurasa huweza kuhesabiwa ndani ya faili kabla ya kazi kuruhusiwa.

Hata hivyo karatasi nyingi haziokolewi na vikomo. Kuweka uchapaji wa pande mbili kama chaguo la kawaida hupunguza zaidi bila ugomvi. Kuishikilia kazi kwenye seva hadi mwenyewe afike printa aitoe huondoa marundo yanayoachwa kwenye trei, kwa kuwa kazi iliyosahauliwa haichapwi kabisa.

Tahadhari moja inahusu daftari lenyewe. Mpangilio uliozoeleka wa page_log hubeba pia jina la waraka, na majina ya nyaraka husema mengi: barua ya kuacha kazi, majibu ya maabara, hati ya talaka. Kipengele cha PageLogFormat kinaruhusu kuliondoa; matoleo mapya ya CUPS hukiacha kitupu, hivyo fundi huandika mwenyewe anachotaka kihifadhiwe. Kwa hesabu yanatosha jina la mtumiaji, foleni, tarehe na idadi ya kurasa.