Pambizo la Babu

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alimaliza likizo nzima akinakili ubatizo wa ukoo wetu kutoka daftari la parokia moja ya kusini. Faili ilinifikia Upanga, nikiwa natoka Nyaraka za Taifa, mtaa wa Vijibweni, ambako nasoma majalada ya enzi za Mjerumani kwa ajili ya tasnifu yangu. Jina, baba, mama, msimamizi, tarehe. Kazi safi, na usafi wenyewe ndio unaonisumbua.

Kwanza kanyoosha tahajia. Mapadri Wajerumani waliandika kwa sikio la kwao: penye ch yetu waliweka tsch, au hata dsch, kama vitabu vyao vilivyowaita Wachaga "Dschagga". Kaka kafuta zote kaweka ch. Inasomeka, sikatai. Lakini herufi hizo ndizo zinazoonyesha wapi kaandika padri, na wapi kalamu kashika mtu aliyelijua jina la mama yake babu kama lilivyotamkwa nyumbani.

Hilo nasamehe. Pambizo siwezi. Tangu amri ya Papa Pius wa Kumi, Ne Temere, ianze kutumika mwaka 1908, ndoa ya Mkatoliki hupelekwa taarifa parokia alikobatizwa, ikaandikwa kando ya jina lake. Kwa hiyo mstari wa mtoto wa 1911 huendelea kuandikwa akiwa mtu mzima. Nilimwomba kaka picha za kurasa. Kando ya jina la babu, kwa wino mwingine, pana ndoa ya mwaka 1934, na jina la mwanamke. Si bibi.

Nikampigia.

"Niliona," akasema. "Jedwali halikuwa na safu ya mambo hayo." Akanyamaza kidogo. "Na shangazi bado yuko hai, mdogo wangu."

Basi tusilisingizie jedwali. Kaka alisoma vizuri kuliko nilivyomdhania, akahariri.

Nimeongeza safu ya mwisho, nimeiita Pambizo, na nimenakili Kilatini chote kama kilivyo, pamoja na mahali ambapo wino unabadilika. Shangazi sijampelekea. Anakaa Kariakoo, naweza kwenda kwa miguu. Yeye ndiye kifungua mimba wa babu, au ndivyo tunavyojua, na kila Jumapili ananiuliza ile kazi ya ukoo imefika wapi.