Mtoto Dirishani

Filamu za kwanza maishani mwangu sikuziona, nilizisikiliza. Katika kibanda cha video mtaani kwetu mabenchi yalijaa tangu saa kumi jioni, na filamu iwe ya Hong Kong au ya Marekani, mwenye neno alikuwa mmoja tu: mtafsiri. Sauti yake ilimfunika jambazi, ikamfunika polisi, ikamfunika hata mke wa polisi. Alitueleza nani mwema, nani msaliti, na nani atakufa muda si mrefu. Nilimpenda yule bwana na bado nampenda. Ila nilikua nikiamini kuwa filamu ni maneno, picha inayasindikiza tu.

Imani hiyo iliniumbua siku nilipopiga filamu yangu ya kwanza, ya dakika nane, sebuleni kwa shangazi. Katika sini ya mwisho mama anapokea simu ya msiba. Mwigizaji alilia kilio cha kweli, hata jirani akaja kuuliza kulikoni. Tulipoionyesha, watu wakacheka. Nyuma ya bega la mfiwa, karibu kabisa na sikio lake, ilining'inia kalenda ya duka la vipodozi, na binti wa kwenye kalenda alikuwa anatabasamu meno yote nje. Tulikuwa wanne nyuma ya kamera na hakuna aliyemwona. Wote tulikuwa tunasikiliza kilio.

Fundi mmoja wa uhariri, mtu wa maneno machache, aliniambia: “Nenda katazame filamu za watu, lakini zima sauti.”

Nikaanza na Citizen Kane ya mwaka 1941, ya Orson Welles. Mapema ndani yake kuna sini ambayo nimeirudia mpaka nyumbani wananichoka. Mtoto anacheza kwenye theluji. Kamera inarudi kinyumenyume, tunagundua kumbe tulikuwa dirishani, na mama yuko pale anamchungulia mwanawe. Inazidi kurudi, chumba kinafunguka, mpaka meza inatokea mbele yetu na mama anaketi kutia sahihi karatasi za kumkabidhi mtoto kwa mwenye benki. Mama na mwenye benki wako mbele, wakubwa, wameshika upande wao wa picha. Baba yuko upande wa pili, amesimama, analalamika, hana kiti. Na nyuma kabisa, katikati kabisa, ndani ya kidirisha kidogo kama stempu, mtoto anaendelea na theluji yake. Hajui kwamba maisha yake yanaamuliwa pale mezani.

Sauti nimeizima, na bado najua nani mwenye nguvu katika nyumba ile. Halafu baba anakwenda kulifunga dirisha. Baadaye mama ananyanyuka, analifuata, analifungua tena. Pale ndipo nilipomwelewa mama yule, na ndipo nilipoanza kumshuku mtafsiri wangu wa zamani, kwa sababu mkono unaofungua dirisha namna ile angeusemea nini?

Ili mtoto wa mbali aonekane wazi sawasawa na karatasi zilizo mbele, mpiga picha Gregg Toland alitumia lenzi pana, akabana tundu la lenzi, na kwa kuwa tundu dogo huingiza mwanga kidogo, akalazimika kumwaga taa kali. Kumbe kumweka mtoto katikati ya wakubwa lilikuwa suala la hesabu pia, na la jasho. Welles, kijana wa miaka 25 wakati wa kuipiga, aliliweka jina la Toland kwenye kibao kimoja cha majina pamoja na jina lake mwenyewe. Na ukiwa mdaku kama mimi, itazame kofia iliyo mezani. Inatikisika kidogo, maana meza imesukumwa mahali pake sasa hivi, baada ya kamera kupita.

Ousmane Sembène wa Senegal hakuwa na vifaa vya namna hiyo. Filamu yake La Noire de..., ya mwaka 1966, ina vyumba vichache, watu wachache na rangi mbili, nyeupe na nyeusi. Diouana anatoka Dakar kwenda Antibes, Ufaransa, akidhani anakwenda kulea watoto, na anajikuta mpishi na mfagiaji. Hata sauti tunayoisikia si ya mwigizaji, Mbissine Thérèse Diop. Iliingizwa baadaye na Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Kwa hiyo Diop alibaki na uso, mabega na mwendo. Anapiga deki kwa viatu vya kisigino, mpaka bibi wa nyumba anamwambia avivue.

Lakini anayeniliza ni ukuta. Diouana alipoanza kazi Dakar aliwapa matajiri wake kinyago, wakakichanganya na vinyago vingine vya nyumbani. Antibes kinatundikwa peke yake, cheusi, kwenye ukuta mweupe mtupu. Kitu ni kilekile, ila pembeni yake hakuna kitu. Kila Diouana anapopita, unaona vitu viwili vyeusi ndani ya weupe ule, na kimojawapo kinafagia.

Sisi watengeneza filamu wa kwetu, nisiseme uongo, bado tunapenda makochi yote yaingie, jokofu liingie, maua ya plastiki yaingie, na waigizaji wajipange wakitazama kamera kama wapambe wa harusi. Tunaogopa ukuta mtupu. Tunadhani mtazamaji atasema hatuna hela.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa shangazi kuirudia ile sini. Tulitoa makochi mawili, tukasogeza kabati, tukamweka mama mbali, karibu na mlango wa jikoni, simu ikiwa mbele juu ya meza, kubwa kuliko yeye. Mwisho nikaing'oa kalenda. Nyuma yake rangi ya ukuta ilikuwa haijafubaa. Pakabaki mraba mweupe, na msumari juu yake. Kijana wa taa akauliza apake rangi? Nikamwambia aache, nikamsogeza mama hatua moja kushoto ili ule mraba uwe karibu yake, kisha nikaomba watu wanyamaze.