Ufupisho Usiomsahau Mtu

Sisi tuliofundisha Kiswahili katika vyuo vya ualimu tuliirithi kanuni ya ufupisho, nasi tukairithisha bila kuihoji: soma habari, ondoa mifano, ondoa marudio, kisha hesabu maneno. Anayezidisha hukatwa alama. Kwa insha nyingi kanuni hiyo yafaa. Kwa habari za magazeti ina kasoro kubwa, na aliyenionyesha kasoro hiyo ni mwanachuo wangu.

Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 katika Ziwa Victoria, ikiwa karibu kufika Mwanza. Miezi michache baadaye niliwapa wanachuo habari ya gazeti kuhusu msiba huo, waifupishe kwa maneno 60. Ilieleza kwamba orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443, na kwamba daraja la tatu halikuwa na orodha. Wengi waliandika: "Meli ilikuwa na abiria 443." Nikawapa alama zote. Mmoja alibakiza maelezo ya daraja la tatu, akafikisha maneno 74. Nikamkata alama tano.

Jioni alikuja ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Sikuja kudai alama. Shangazi yangu alisafiri daraja la tatu. Nikiyaondoa maneno yale, basi hakupanda meli."

Sikuwa na jibu. Wenzake hawakuwa wameifupisha habari, walikuwa wameigeuza. Gazeti lilitaja walioandikwa, wao wakataja waliokuwamo. Hesabu ya serikali ya waliokufa ilipita 800; abiria 443 wangetoaje maiti 800? Hakuna aliyejiuliza, na mimi niliyesahihisha sikujiuliza. Niliwafundisha kuhesabu maneno kabla ya kupima maana.

Tangu siku ile, kila zoezi la habari nililitanguliza kwa maswali matatu: Nani amesema? Amejuaje? Nani hakuhesabiwa? Neno linalojibu swali mojawapo si la ziada, hata kama linavunja idadi iliyowekwa. Kama nafasi haitoshi, heri kuikata tarakimu yenyewe kuliko kuiacha peke yake iseme uongo.

Yule kijana nilimrudishia alama zake tano. Za wenzake sikuzipunguza, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.