Ufa Uko Wapi?

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu kwa tone lililochanganyika, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona katika kurasa hizi mazungumzo juu ya kitabu cha sayansi kilichoandikwa Marekani na watu wasio wa dini yetu. Usistaajabu. Elimu haina kabila, na jambo linalogusa kizazi cha wanaadamu latuhusu sisi kama linavyowahusu wao.

Kitabu chenyewe chaitwa A Crack in Creation, yaani Ufa Katika Uumbaji. Kilitoka mwaka 2017, na waandishi wake ni Bibi Jennifer Doudna, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na Bwana Samuel Sternberg, aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwaka 2020 Bibi huyu alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na mwenziwe Emmanuelle Charpentier. Alinisomea kitabu hiki mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye leo ni tabibu, mlango baada ya mlango, baina ya Magharibi na Isha.

Tuanze kwa uadilifu, kwani mwenye kukosoa bila ya kusifu panapostahiki sifa amedhulumu. Kitabu chaeleza vizuri. Chatufahamisha kwamba bakteria, vijidudu hivi visivyoonekana kwa macho, navyo hushambuliwa na virusi, na vikisalimika huhifadhi kipande cha adui ndani ya vinasaba vyao, mithili ya mtu awekaye alama ya mwizi aliyemjua. Adui akirudi hutambuliwa na kukatwa. Ulinzi huo ndio uitwao CRISPR. Mwaka 2012 mabibi wale wawili na wenziwao walionyesha kwamba mkasi huu waweza kuelekezwa kukata kinasaba mahali pale mtu apatakapo. Basi sisi twasema: Subhanallah! Chombo hakikubuniwa na mtu. Kimeokotwa kwa kijidudu kilichofundishwa na Mola wake.

Tena twamsifu Bibi huyu kwa ukweli wake. Asimulia kwamba aliota ndoto, Hitler amemjia ana uso wa nguruwe, ataka afundishwe chombo hicho. Mwenye elimu anayeogopa elimu yake ni bora kuliko anayejivuna nayo.

Walakini, ndugu msomaji, tuna maneno matatu juu ya kitabu hiki.

La kwanza ni jina lake. Mwenyezi Mungu katika Suratul Mulk atutaka tutazame mbinguni, tena turejeze jicho mara ya pili, tuone kama kuna ufa wowote. Aya ile yahusu mbingu, lakini adabu inayotufundisha yafaa popote: tazama tena kabla hujasema kuna kasoro. Natutazame basi ugonjwa wa selimundu, ambao waandishi wameutaja, nao wajulikana sana pwani yetu. Ndani ya kinasaba cha damu herufi moja tu imebadilika, na chembe nyekundu zajikunja kama mundu, zaziba mishipa, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Utasema, huu si ndio ufa? Tazama tena. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake hapa Afrika Mashariki: mwenye kurithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na tena hupata kinga kubwa ya malaria. Kumbe kile tulichokiita ufa, kwa mwengine ni ngao. Anayetaka kukifuta katika vizazi vyote ana yakini gani kwamba hafuti na ngao?

La pili ni mwendo wa hoja. Waandishi waanza kwa khofu juu ya kubadili mimba changa, mabadiliko ambayo yatarithiwa na wana na wajukuu. Kisha kidogo kidogo, kwa kusikia vilio vya wagonjwa, waifikia kauli kwamba haifai kulipiga marufuku moja kwa moja, maadamu kutakuwa na salama na usawa. Kilio cha mgonjwa ni haki, lakini hakitoshi kuwa dalili. Mwaka mmoja tu baada ya kitabu, Novemba 2018, Bwana He Jiankui wa Uchina alitangaza kuzaliwa mapacha wawili wa kike ambao vinasaba vyao alivigeuza wakiwa mimba changa, ati wasiambukizwe virusi vya ukimwi alivyokuwa navyo baba yao. Watoto wale hawakuwa wagonjwa, na kulikuwa na njia nyengine zijulikanazo za kuwakinga. Disemba 2019 mahakama ya nchi yake ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Amefungwa, ametoka, lakini waliogeuzwa hawatoki katika kugeuzwa kwao, wala hawakuulizwa.

Wanavyuoni wetu walikwisha kulipambanua jambo hili mapema. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 15 kilichofanyika Makka mwaka 1998, lilijuzisha elimu hii kwa kukinga na kutibu maradhi, kwa sharti isilete madhara makubwa zaidi, na likakataza kuchezea vinasaba kwa madai ya kuboresha jinsi ya wanaadamu. Kutibu ni jambo moja, na kuumba upya ni jambo jengine. Suratun Nisaa yatueleza kwamba Ibilisi aliapa atawaamrisha watu wageuze umbile la Mwenyezi Mungu. Lakini wanaoitumia aya hiyo kumnyima mgonjwa dawa wamekosea pia, kwani Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu, na akatueleza kwamba hakuna maradhi ila yameteremshiwa dawa yake.

Mfano wa tiba halali tunao. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu iitwayo Casgevy. Mgonjwa hutolewa chembe zake mwenyewe za uboho, zikakatwa kwa mkasi ule, zikarejeshwa mwilini; watoto wake hawarithi mabadiliko hayo. Na lililonishangaza, msomaji, ni kwamba tiba hii haiigusi ile herufi iliyobadilika. Huiamsha damu ile aliyokuwa nayo kila mmoja wetu tumboni mwa mama yake, ambayo hulala baada ya kuzaliwa. Hawakuziba ufa, wameamsha alichokwisha kukiweka Muumba.

La tatu ni swali ambalo kitabu chauliza bila ya kulijibu vya kutosha: nani aamue? Wasema, jamii. Jamii ipi? Bei iliyotangazwa Marekani kwa tiba hiyo ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na yahitaji kwanza dawa kali za kuufuta uboho na kukaa hospitali wiki nyingi. Elimu ya selimundu ilijengwa kwa damu waliyotoa watu wa nchi hizi zetu, na wagonjwa walio wengi wako Afrika. Ikiwa mwenye maradhi hana nafasi katika baraza la kuamua, usawa uliotajwa kitabuni ni pambo la maneno.

Lakini yasiwe yote ni lawama kwa wageni, na sisi je? Miaka mingi iliyopita nilimuozesha kijana binti wa mjomba wake. Walijaaliwa watoto wanne, na wawili walikuwa na selimundu. Mmoja, mwanafunzi wangu chuoni, aliyekuwa hodari wa kuhifadhi, alikufa ana miaka tisa. Mama yake alinijia akilia, kwani wakweze walikuwa wakimsema kwamba yeye ndiye aliyeleta ugonjwa katika nyumba yao. Nilimwambia asubiri, hii ni kadari. Maneno yale yalikuwa kweli, lakini nilimpa nusu ya dini.

Nusu ya pili imo katika hadithi ya Abu Huraira. Bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa na shaka, kwani mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamuuliza juu ya rangi za ngamia zake, na vipi mwekundu huzaa wa kijivu, mpaka bedui mwenyewe akakiri kwamba huenda ni mshipa wa asili uliomvuta. Kwa elimu ya urithi Mtume alilinda heshima ya mama. Nami ilinipasa niwaite wale wakwe niwaambie: mtoto hawi na selimundu mpaka arithi kwa baba na kwa mama, kila mmoja sehemu yake, basi mnamlaumu nani? Na ilinipasa niwahimize wampeleke yule mtoto wa pili kliniki mapema.

Hivyo siku hizi hawaji kwangu wachumba ila nawashauri wakapime damu kabla ya nikaha. Si sharti ya ndoa, wala siwakatazi kuoana. Ni wajue, kwamba wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina fungu moja katika manne la kupata mtoto mgonjwa. Na mtoto mchanga apimwe. Dawa iitwayo haidroksiyurea ni rahisi mno kuliko mkasi wa Marekani, na uchunguzi uliotangazwa 2019, uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba hupunguza maumivu na vifo.

Basi kisome kitabu hiki ukipata wa kukusomea, uchukue elimu yake na uliache jina lake. Ufa mkubwa niliouona mimi haumo katika damu. Umo baina ya anayejua na asiyejua, na baina ya mwenye dawa na mwenye maradhi, na huo twaamrishwa kuuziba kwa mikono yetu.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.