Mkato Mmoja Nyuma ya Muy na Tan

Anayeanza Kihispania hukutana mapema na muy na mucho, na mara nyingi huambiwa ayakariri. Baadaye analetewa tan na tanto kama somo jingine kabisa, ilhali kanuni ni ileile. Mimi ningeyafundisha yote manne siku moja.

Muy na mucho yalizaliwa na neno moja la Kilatini, multum, na tan ni tanto lililokatwa. Umbo fupi hutangulia kivumishi au kielezi: la casa es muy grande, es tan grande como la mía. Umbo refu huenda na nomino, au hufuata kitenzi: hay muchas casas, trabaja tanto como su hermano.

Kwenye nomino Mswahili ana mtaji. Aliyezoea watu wengi, vitabu vingi na maji mengi hashangai kuona mucho likibadilika kufuata nomino yake, tena maumbo ni manne tu: mucho, mucha, muchos, muchas. Kinachomponza ni "sana". Sisi husema mzuri sana, na pia anafanya kazi sana. Kihispania hutenganisha: muy bueno, lakini trabaja mucho. Ukisema trabaja muy, msikilizaji atabaki anasubiri neno linalofuata.

Kuna mahali mkato haufanyiki. Mejor, peor, mayor na menor tayari yamebeba ulinganisho ndani yake, sawa na más na menos, kwa hiyo husemwa mucho mejor na mucho más alto, kamwe si muy mejor. Hata tanto hubaki zima hapo: tanto mejor, yaani heri iwe hivyo.

Panapohitaji umakini zaidi ni baada ya más. Ukilinganisha vitu viwili, tumia que: tengo más libros que tú. Ukivuka idadi, tumia de: tengo más de cien libros. Ila ukikanusha, que hurudi mbele ya namba ikiwa na maana yake nyingine. Mnunuzi akimwambia muuzaji no tengo más de cien pesos, amesema fedha zake hazizidi peso 100; huenda anazo 60. Akisema no tengo más que cien pesos, anazo 100 tu, na muuzaji ameshajua bei ya mwisho anayoweza kudai.