Filamu Iliyoanzia Mwisho

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Keringet, Kuresoi, nchini Kenya, maana ya kisengerenyuma, atakujibu bila kukuna kichwa: msimulizi anarudi nyuma kidogo, anaeleza yaliyotangulia, kisha anaendelea na hadithi yake. Ipo filamu ya Ufaransa ambayo hairudi nyuma kidogo. Inarudi moja kwa moja, tukio hadi tukio, mpaka saa ambayo hakuna kilichokuwa kimeharibika. Inaitwa Irréversible, kazi ya Gaspar Noé. Ilipoonyeshwa Cannes mwaka 2002, baadhi ya watazamaji walitoka ukumbini kabla haijaisha.

Sikushauri uitazame. Ina mauaji na ubakaji usiofichwa. Mimi mwenyewe niliizima katikati, nikatoka nje kupigwa na baridi ya usiku, nikaimalizia siku ya pili. Nimeirudia hapa kwa sababu ya ufundi wake tu.

Kisa ukikinyoosha ni kifupi. Alex, anayeigizwa na Monica Bellucci, anatoka kwenye sherehe peke yake usiku na kushambuliwa katika njia ya chini ya barabara jijini Paris. Mpenzi wake Marcus, pamoja na Pierre aliyekuwa mpenzi wa Alex zamani, wanaingia mitaani kumsaka mhalifu, na mtu anauawa. Filamu za kisasi karibu zote hufuata mkondo huo, na mkondo huo una hila ndani yake. Ukishaoneshwa dhuluma kwanza, kisasi kikifika unashangilia. Ingia kibanda chochote cha video uone: steringi akianza kulipiza, hata aliyekuwa anasinzia huamka.

Noé anatunyima shangwe hiyo. Tunaanza na mauaji. Hatumjui anayekufa, wala hatujui muuaji ana uchungu gani. Tunachoona ni mtungi wa kuzimia moto ukipanda na kushuka juu ya uso wa mtu. Baadaye sana, tunapofikishwa kwenye shambulio lenyewe, tunauona uso wa mhalifu. Siye yule aliyepondwa. Mhalifu alikuwa amesimama pembeni akitazama mwingine akifa kwa kosa lake.

Sasa itazame kamera. Mwanzoni inapinduka na kuzunguka kama tiara iliyokatika uzi, na chini yake inavuma sauti nzito ambayo sikio halijui kama limeisikia, ila tumbo linajua. Kadiri tunavyorudi nyuma, kamera inapoa. Kwenye njia ile ya chini inawekwa karibu na sakafu na kuachwa hapo, tuli, dakika baada ya dakika, na jicho linakosa pa kukimbilia. Kisha kwa mbali, mwisho wa njia, anatokea mtu. Anasimama. Anaona. Anageuka na kwenda zake. Ni kivuli tu, na ukipepesa umemkosa. Fundi mwenye pupa angemvuta karibu ili tumhukumu. Noé amemwacha kule kule mbali, na yeye ndiye ninayemkumbuka kuliko wote.

Mwisho wa filamu ni mwanzo wa kisa: Alex amelala kwenye nyasi na kitabu, watoto wanakimbia kuzunguka maji ya kunyunyizia bustani. Tumeshajua ana mimba. Katika filamu nyingine ningeipita picha hiyo bila kuisimamia. Hapa koo lilinikaba. Mwaka 2019 Noé aliitoa upya ikiwa imepangwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Waigizaji ni wale wale na matukio ni yale yale, ila sasa bustani inatangulia, na inakuwa picha njema ya kawaida. Uchungu wake wote ulitokana na mahali ilipopangwa.

Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu, mwishowe huja kinyume. Sisi wa Kuresoi tunaijua methali hiyo kwa macho. Tuliona moshi wa ghasia za kikabila mwaka 1992. Tukauona tena mwishoni mwa 2007, hata kabla ya kura ya uchaguzi mkuu wa tarehe 27 Desemba kupigwa. Na mpaka leo, ukikaa na watu wa upande wowote, hadithi huanza kwa maneno yale yale: wao ndio walianza. Kila mmoja huanzia kwenye kidonda chake, na akianzia hapo, moto aliouwasha yeye unageuka kuwa haki. Mwongozaji Judy Kibinge alilikwepa shimo hilo katika filamu yake Something Necessary ya mwaka 2013: aliwafuata mjane aliyevamiwa na kijana aliyekuwa kwenye kundi la wavamizi, wote wawili baada ya ghasia, wakiwa wamebaki na majivu.

Basi mtoto akikuuliza kilichotokea, jaribu kumsimulia kinyumenyume. Anza na bati lililokunjika kwa moto. Rudi kwa aliyeshika kiberiti, na umtaje hata kama ni wa kwenu. Rudi kwa aliyepita barabarani akaona na kunyamaza. Endelea kurudi, usiishie kwenye kidonda chako, mpaka ufike msimu ule wa viazi ambapo jirani alikuja asubuhi kuazima jembe, nawe ukampa.