Mapenzi ya Miaka Ishirini, Msimu Mmoja wa Jukwaani

Elizabeth Taylor na Richard Burton walipendana Roma mwaka 1962 wakiigiza Cleopatra, kila mmoja akiwa na ndoa yake. Wakaoana 1964, wakatalikiana 1974, wakafunga ndoa tena Botswana 1975, wakaachana 1976. Mwandishi wa filamu aanzie wapi?

Liz & Dick, filamu ya televisheni ya Marekani ya mwaka 2012, ilitaka kusimulia karibu yote. Ndiyo maana kila ugomvi unakatwa kabla haujakolea, kwa kuwa tukio lingine linasubiri zamu. Mtazamaji anapewa matukio, lakini hawafahamu wahusika.

Mwaka uliofuata, Burton & Taylor ya BBC ilifuata njia nyingine. Mwandishi William Ivory na mwongozaji Richard Laxton walichukua mwaka 1983 peke yake, wawili hao walipoigiza pamoja Private Lives, tamthilia ya Noël Coward, huko Broadway. Tamthilia hiyo inahusu mume na mke waliotalikiana, wanaokutana hotelini kila mmoja akiwa fungateni na mwenzi mpya. Uteuzi huo ndio uliobeba kazi nzima. Kila neno la jukwaani linasema mambo mawili, la mhusika na la mwigizaji, na hadhira ya ukumbini inacheka kwa sababu inayajua yote mawili. Kisengerenyuma hakihitajiki tena.

Ivory pia ameuweka ugomvi ndani ya kazi. Burton, mtu wa jukwaa, anafika mazoezini akiwa tayari. Taylor, nyota wa sinema tangu utotoni, anafika bila kuisoma tamthilia. Hapo tunaona kwa nini walivutana na kwa nini hawakuweza kukaa pamoja, bila mtu yeyote kutueleza. Helena Bonham Carter na Dominic West, wanaoigiza Taylor na Burton, nao hawaigi sura. Wanaonyesha mazoea ya watu wanaojua pa kugusana na pa kuumizana.

Njia hii ina gharama: moto wa Roma hatuuoni, na asiyejua historia yao huenda akashangaa mwanzoni. Lakini gharama hiyo inalipika. Anayetaka kuandika mapenzi ya kweli yenye misukosuko asihesabu miaka. Atafute msimu ambao wapenzi wamelazimika kukaa chumba kimoja na yote waliyotendeana.